Hodi Kabla ya Kulala Msituni

Ijumaa nilikuwa naijua kwa harufu. Nikitoka shule na kupanda ngazi za gorofa letu la Hagsätra, Sweden, nilinusa vitunguu vikikaangwa na nikajua mama anapika mchuzi wa safari, ule mzito wa nyama unaoweza kukaa hadi Jumapili bila kuchacha. Chini kwenye maegesho baba alikuwa ameshaliinamia gari lake, spana mkononi, bado amevaa ovaroli la kiwandani. Watoto wa Kiswidi walilizunguka wakiuliza kama ni gari la vita. Baba aliwaambia ndiyo, na kwamba jenerali wake ni mimi. Kwa hiyo nilikuwa nazunguka nyuma ya jengo ili nisionekane.

Lilikuwa gari kuukuu la jeshi, rangi ya majani yaliyopakwa matope, lenye pembe kama sanduku, na lilipanda popote. Jeshi lilikuwa limelichoka, baba hakulichoka. Tuliliita Kifaru, kwa sababu kwetu kifaru ni mnyama na ni mashine ya vita, na yeye alikuwa kidogo vyote viwili. Baba aling'oa mabenchi ya askari akajenga kitanda cha plaiwudi chenye makasha chini yake: kasha la sufuria, kasha la jiko la mafuta ya taa, kasha la mablanketi. Mama alishona mapazia kwa khanga yake ya zamani, na kwa kuwa mkasi ulipita katikati ya maneno, dirisha la kushoto lilisema nusu ya usemi na la kulia likasema nusu nyingine. Ukilala katikati ulikuwa unausoma wote.

Sasa nina miaka kumi na saba na Kifaru ameuzwa. Aliyemnunua ni kijana mmoja mwenye nywele ndefu aliyesema atampaka rangi ya machungwa. Baba alicheka naye, wakapeana mikono, kisha akakaa jikoni muda mrefu bila kuwasha redio. Mimi nilikwenda chumbani kwangu nikajaribu kuikumbuka ile harufu ya ndani, ya mafuta ya taa, godoro la sponji lililolowa, na ngozi ya samaki. Nikagundua kwamba kumbukumbu ikianza kwenye pua haikawii kufika kwa mama.

Kiangazi cha kwanza cha Kifaru, nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, mama alikuwa akiamua kama atakaa nchi hii au ataondoka. Halikuwa jambo la siri. Lilisemwa mezani, mbele yangu na mdogo wangu, huku tukila ugali wa semolina, maana unga wa mahindi ulikuwa haupatikani. Akiondoka yeye, tutaondoka naye sisi wawili, kabla ya theluji, turudi Korogwe kwa bibi tuanze shule mwaka mpya. Baba angebaki amalize kazi yake kwenye kiwanda cha simu, miaka ambayo hakuna aliyejua ni mingapi. Baba aliomba kitu kimoja tu. Alisema kama mama haipendi nchi hii akiwa gorofani, ampe nafasi amwonyeshe nchi yenyewe, kiangazi kizima, halafu ndipo aamue. Mama akasema sawa. Wiki ile ile Kifaru akaletwa.

Mama hakuwa na ubishi na baridi. Kilichomchosha ni ukimya wa ngazi zetu. Kwenye jengo lile jirani akisikia unafungua mlango, yeye husubiri ndani, jicho kwenye kitundu cha mlango, mpaka upite, ndipo atoke. Kule Korogwe mama alikuwa mwalimu, hawezi kufika sokoni bila kuamkiwa na nusu ya mji. Hapa alisafisha wodi za hospitali jioni, akarudi na treni ya chini ya ardhi hadi kituo cha mwisho, ambacho ndicho chetu. Alikuwa akisema, "Tangu nimeingia nyumba hii, hakuna aliyenipigia hodi isipokuwa mtu wa kusoma mita ya umeme." Na baba hujibu kwamba mtu wa mita naye ni mtu.

Safari ya kwanza tulikwenda kusini, kwenye ziwa lililozungukwa na misonobari. Baba aliegesha, akatandika, akapika chai, akaeleza kwa furaha sheria ya hapa: msitu ni wa kila mtu, usiku mmoja unalala popote, huulizi, mradi usiwe mlangoni kwa watu na usiache takataka. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza lile shamba ng'ambo ni la nani. Baba akasema hajui, la Mswidi fulani. Mama akauliza, na huyo Mswidi fulani anajua kama tupo?

"Hana haja ya kujua, mama watoto. Ni sheria."

"Kuruhusiwa si kukaribishwa," mama akasema. "Mtu halali kwa watu bila hodi. Hata mwizi hupiga hodi kwanza, ajue kama kuna mtu."

Hakulala. Alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja basi, na kwa vile Juni ile mbingu haikufanya giza, kila nilipofumbua macho nilimwona yuko wima. Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyesafiri. Baba akaona kwamba kiangazi chake kitamponyoka hivi hivi. Ndipo ilipopitishwa kanuni ya Kifaru: kabla ya kulala popote, nyumba iliyo karibu itapigiwa hodi. Na mpiga hodi ni mimi.

Nilikuwa na haya kiasi kwamba shuleni mwalimu aliniweka karibu na dirisha akidhani napenda hewa, kumbe sikuweza kumwambia naona baridi. Lakini Kiswidi changu ndicho kilichokuwa safi kuliko vyote garini. Cha baba kilikuwa cha kiwandani, chote amri na majina ya vifaa. Cha mama kilikuwa cha wodini. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitano; yeye ukimwita haitiki "naam," anaitika "va?" yaani nini, kama Mswidi, na mama huvuta pumzi. Mimi nilikuwa bado naitika "abee." Kwa hiyo nilionekana mtoto wa kutumwa.

Mama alinipa masharti. Nianze na hodi, hata kama wenyewe hawaijui, kwa sababu hodi ni ya anayepiga. Nisirudi mpaka nimejibiwa. Na nikirudi nieleze jibu lilivyo, nisilitie sukari. Kwa hiyo kila Ijumaa jioni nilitembea kwenye njia ya changarawe kuelekea nyumba nyekundu, maana zote zilikuwa nyekundu. Nilinong'ona hodi mara tatu mbele ya mlango uliofungwa, kwa haya, kisha nikagonga, na mlango ukifunguka nikaitoa sentensi yangu ya Kiswidi niliyoikariri njiani. Waswidi walinitazama kama niliyeomba ruhusa ya kupumua. Hakuna aliyekataa. Wote walisema neno moja, *det går bra*, kisha wakangoja niondoke.

"Amesemaje?" mama aliuliza kila nikirudi.

"Amesema haina neno."

"Hajasema karibu?"

"Amesema haina neno."

Mama akatikisa kichwa. Lakini alilala. Haina neno ilitosha kwa usingizi, ila haikutosha kwa moyo, na baba alijua hivyo na mimi nilijua.

Nikisema kiangazi kile kilikuwa kizuri msidhani nadanganywa na umri. Kulikuwa na siku mama alivua viatu akaingia ziwani hadi magotini, khanga ameikunja, akatuonyesha anavyofua bila sabuni. Kulikuwa na samaki baba aliyemvua baada ya saa nyingi, mdogo, mwenye miiba mgongoni, na mama akamwuliza kama tumle au tumlee. Mbu walikuwa wakubwa na wenye subira. Mdogo wangu alijaza mfuko mawe akaapa ni ya dhahabu. Tulipokwenda kaskazini tulipita upande wa Kista, ambako winchi za ujenzi zilikuwa zimeanza kusimama katikati ya mashamba, na baba akasema hapo na pale Husby watajenga magorofa ya maelfu ya watu. Mama akasema, maelfu ya vitundu vya mlango. Baba alicheka peke yake. Jioni, jiko likinguruma na sisi tumekaa kwenye mkia wazi wa Kifaru, miguu inaning'inia, mama alikuwa akisahau akaimba kidogo, na baba akaacha kutafuna ili amsikie. Halafu mama angenyamaza ghafla, kama aliyekumbuka kwamba bado anaamua.

Agosti ikafika. Magome ya miti yalianza kunukia mvua na mama alianza kuuliza habari za meli na ndege. Baba alichagua ziwa moja la mbali kaskazini aliloambiwa na wenzake kiwandani. Barabara ilikuwa mbovu, Kifaru akafurahi. Tulifika jua limeinama, tukaona nyumba nyekundu, ghala, na ng'ombe wawili waliotutazama. Baba akazima injini. Sote tukajua ni zamu yangu.

Nilitembea nikikariri. Nilipofika kwenye kizingiti, kabla hata sijaanza kunong'ona, mlango ukafunguka wenyewe na mzee akasimama mbele yangu na ndoo mkononi. Alikuwa mrefu, mwenye suruali ya kazi iliyoshikwa na mikanda mabegani. Nilishtuka. Sentensi yote ikapotea. Kilichotoka, chini chini, kikiwa kimekatika, kilikuwa neno la kwanza la mama.

"Hodi."

Mzee akanitazama. Akatazama nyuma yangu. Kisha akainamisha kichwa kwa upole na kusema, *hej då*, ambalo kwa Kiswidi ni kwaheri. Akangoja kidogo. Akarudi ndani taratibu, akafunga mlango.

Nilisimama pale mpaka nikaona ng'ombe wananishangaa. Kugonga tena nisingeweza hata kwa viboko. Nikarudi garini.

"Amesemaje?"

"Amesema kwaheri."

"Kwaheri tu?"

"Kwaheri, akafunga mlango."

Baba akasema labda mzee ana haraka, labda hasikii vizuri, labda twende sisi wawili. Mama alimkatiza bila kupandisha sauti. Alisema mtoto amefika mlangoni kwa mtu, jioni, hata shida yake hajaieleza, anaambiwa kwaheri. "Basi," akasema. "Nimepata jibu langu."

Hakuna aliyeuliza jibu la nini. Baba aliwasha gari, akageuza kwenye uwanja wa mzee yule, na vumbi likapanda nyuma yetu. Niliuona mkono wake kwenye gia umetulia mno, kama mkono wa mtu anayebeba kitu kilichojaa.

Sisi watu wenye haya tuna ugonjwa mmoja. Tukitoka mbele ya mtu, tunayarudia maneno yote tuliyosema, moja moja, tukitafuta lililotuaibisha. Nilikaa nyuma kwenye plaiwudi na kurudia. Mimi nilisema hodi. Yeye akasema hej då, ambalo midomoni mwao hutoka kama heido. Hodi. Hej då. Nikalisema tena kimoyomoyo kama nilivyolisema pale, kwa hofu, nusu ya sauti imemezwa. Tena. Ndipo masikio yangu ya Kiswidi yakalisikia neno la mama yangu kama mzee alivyolisikia.

"Baba, simamisha gari."

Kwa kuwa sikuwa mtu wa kuamrisha, baba alisimama palepale katikati ya barabara akidhani nataka kutapika.

"Hakutufukuza," nikasema. "Mimi ndiye niliyemuaga."

Hawakuelewa. Nikaeleza kwamba nilimwambia hodi, yeye akasikia hej då, akaona mtoto amekuja mlangoni kwake kumwambia kwaheri, naye kwa adabu akaitikia kwaheri. Mama aligeuka kwenye kiti.

"Hebu sema kama ulivyosema kule."

Nikasema, vilevile, chini chini.

Baba akashika usukani kwa mikono miwili. "Lahaula," akasema. "Hata mimi ningekuaga."

Mama alianza kwa kutikisika mabega. Nilidhani analia. Kisha kikamtoka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia Sweden, kile cha jikoni kwa bibi, cha kupiga mapaja, na kila akijaribu kunyamaza mdogo wangu alimpungia mkono akisema "hodi, hodi" naye mama akaanza upya. Akajifuta macho kwa pindo la khanga. Halafu akawa mwalimu tena.

"Geuza gari."

"Kwenda wapi?"

"Kwa yule mzee. Unataka atuonaje, baba watoto? Watu wamekuja kwake na gari la vita, hawakusalimu, hawakusema shida, wamemuaga tu wakaondoka. Adabu gani hiyo?"

Tuliporudi mama alishuka mwenyewe. Alifunga khanga juu ya koti, akanishika mkono, na njia ile ya changarawe ikawa fupi. Mlangoni hakunong'ona. Alisema "Hodi" kwa sauti ya kuamsha darasa, akagonga, akarudi hatua moja nyuma kama inavyotakiwa, asimchungulie mtu ndani.

Mzee alipotokea nilimwambia yote. Sijui maneno yalitoka wapi. Nilimweleza neno letu, maana yake, na jinsi lilivyomfikia. Nilisema Kiswidi kingi kuliko nilichowahi kusema mbele ya mtu mzima. Akasikiliza huku akijikuna shingo. Akasema alijiuliza yule mtoto anaaga nani, akaenda hadi chumba cha nyuma kuangalia kama kulikuwa na mgeni ambaye hakumbuki kumpokea. Baadaye akatoka barabarani, labda mtoto amepotea, akakuta vumbi tu. Mama alipotafsiriwa hayo alifunika mdomo. Kisha mzee akasema kuhusu kulala ziwani hakuna haja ya kuuliza, det går bra.

"Haina neno," nikamtafsiria mama, na nikaona uso wake unaanza kufunga.

Lakini mzee hakungoja tuondoke. Aligeuka akaingia ndani, akauacha mlango wazi kabisa, na kutoka jikoni akasema kitu.

"Anasemaje?"

"Anasema anaweka kahawa."

"Kahawa ya nani?"

"Yetu, nadhani."

Mama aliutazama ule mlango. Jikoni maji yalikuwa yakimiminwa kwenye birika. Mzee hakurudi kuangalia kama tunaingia. Alichukulia tu kwamba tunaingia.

"Kauacha wazi," mama akasema, kama anayejisemea. Akavua viatu, akavipanga kando ya buti za mzee, akaingia.

Alikaa kidogo tu akanituma garini nikamwite baba na mdogo wangu, na nilete sufuria ya mchuzi, kwa sababu hatukuja msibani bwana, hatuwezi kuingia mikono mitupu. Mzee alikula mchuzi kwa mkate mweusi, paji la uso likamtoka jasho, akaomba tena. Mama alimsemesha kwa Kiswidi chake chote, yaani cha wodini. Alimwuliza kama amelala vizuri, na ilikuwa jioni. Alimwuliza kama ana maumivu mahali. Mzee alifikiri, akajibu kwa makini kwamba ni goti, la kulia, hasa ikikaribia mvua. Mama akasema goti si la kuchezea. Baba alinitazama juu ya kikombe, hakucheka, lakini masikio yake yalicheka. Usiku ule mama alilala kabla yetu sote, na akakoroma, jambo alilolikana hadi Kifaru anauzwa.

Tulikaa hadi Jumapili. Sidai kwamba kahawa ya mzee mmoja ilimgeuza mama. Mtu haamui maisha yake juu ya mkate mweusi. Njia nzima ya kurudi hakusema lolote kuhusu jibu lake, na baba hakuuliza, na mimi nilihesabu miti nisiwaze Korogwe. Nilikuwa nampenda bibi, lakini nilishaona baba atakavyokula semolina peke yake.

Tulifika Hagsätra mchana. Tukapandisha vitu kama kawaida, mablanketi kwanza, masufuria mwisho. Mama alikaa kwenye kigoda cha mlangoni akimvua mdogo wangu viatu vilivyojaa mchanga wa ziwa. Akakishika kisigino cha mtoto mkononi, akakipima na unyayo wa kiatu.

"Baba watoto," akaita. "Buti za theluji za mwaka jana hazitamwingia huyu."

Baba alikuwa amesimama kwenye ukumbi na sufuria mikono miwili. Alimtazama mama, akaitazama miguu ya mdogo wangu.

"Na huyu je?" akauliza, akinionyesha kwa kidevu.

"Huyu naye," mama akasema. "Wote wawili. Na mimi."

Baba akasema kesho akitoka kazini atapita dukani. Kisha akaingia jikoni kuosha sufuria ambayo mzee alikuwa ameshaiosha, na akaiosha kwa muda mrefu sana.